Stajoni jike amepevuka au bado? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumpima bila kumtesa

Majibu haya ni ya wafugaji wa stajoni (samaki ambaye mayai yake ndiyo kaviari), wanaototolesha vifaranga vyake ili virudishwe mitoni, na wanafunzi wanaoanza kushika samaki hawa kwa mara ya kwanza. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: stajoni asitobolewe kutafuta jibu ambalo lingepatikana bila kumtoboa.

Kwani jike aliyepevuka hajulikani kwa kumtazama?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hapana. Stajoni dume na jike wamefanana: ngao zilezile za mifupa katika mistari mitano, mdomo uleule chini ya pua, mkia uleule. Hakuna rangi ya harusi wala pezi refu la kumtofautisha mmoja na mwenzake. Tumbo nalo hudanganya. Ovari ya stajoni huanza ikiwa imejaa mafuta, na jike mchanga aliyelishwa vizuri anaweza kuwa na tumbo nene kuliko mwenzake aliyebeba mayai yaliyokomaa.

Umri nao hautoi jibu la uhakika. Sterleti (Acipenser ruthenus), ambaye ni mdogo wa umbo, hupevuka mapema kuliko ndugu zake wengi, lakini jike wa beluga (Huso huso) akiwa porini huweza kuchukua miaka 16 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Akishaanza, hatagi kila mwaka. Hupumzika miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, ovari ikijijaza upya. Kwa hiyo tangi moja lenye majike 20 wa rika moja, waliokula chakula kimoja, linaweza kuwa na samaki walio katika hatua nne tofauti kwa siku hiyohiyo.

Kwa nini asiachwe tu atage mwenyewe wakati wake ukifika?

Kwa sababu kifungoni kwa kawaida hatagi. Mtoni kuna mkondo, changarawe, mabadiliko ya joto la maji na safari ndefu ya kupanda juu. Vyote hivyo humwambia mwili wake kwamba sasa ni wakati. Kwenye tangi ishara hizo hazipo, hivyo mtaalamu humchoma sindano ya homoni. Ukiichoma mapema, mayai hayaitikii. Ukichelewa, mwili huanza kuyanyonya. Ama kwa huku ama kwa kule, miaka kadhaa ya kumlea inapotea kwa wiki chache.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulitangaza kwamba aina zote za stajoni na ndugu zao samaki-kasia zilizosalia duniani zimo hatarini kutoweka, na kwamba samaki-kasia wa China ametoweka kabisa. Katika vituo vya uhifadhi, jike mmoja anaweza kuwa amebeba sehemu kubwa ya urithi wa ukoo wake. Samaki wa namna hiyo hashikwi kwa majaribio.

Stajoni anaonekana mtulivu sana akishikwa. Kweli anapata msongo?

Anapata. Utulivu wake usikupumbaze. Samaki wengine hurukaruka na kujipigapiga hadi mtu aone kwa macho kwamba wanateseka; stajoni hulala tu. Ndani ya damu, hata hivyo, homoni ya kotisoli hupanda na sukari hubadilika. Kwa jike aliye karibu kutaga, athari mbaya zaidi haionekani siku ile: ni ovari kuacha kazi yake na mayai kunyonywa na mwili wiki kadhaa baadaye. Mfugaji analaumu chakula, kumbe kosa lilifanyika siku ya kupima.

Msongo pia hujumlika. Kufukuzwa na wavu, kukaa nje ya maji, maji ya joto, jeraha, usafiri: kila kimoja peke yake anaweza kukivumilia, lakini vyote ndani ya asubuhi moja ni mzigo mwingine kabisa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sehemu kubwa ya upole haiko kwenye mashine uliyonunua. Iko kwenye namna ulivyomtoa majini.

Nianze na kipimo gani?

Anza na daftari. Kila jike awe na kitambulisho cha kielektroniki kilichopandikizwa chini ya ngozi, na kila kipimo kiandikwe: tarehe, joto la maji, uzito, urefu, kilichoonekana. Jike aliyetaga mwaka jana huhitaji kumpima mwaka huu kwa biopsi, yaani kumtoboa na kuchukua mayai machache; daftari limeshajibu. Nimeona vituo vyenye vifaa vizuri vikiwatoboa samaki walewale kila mwaka kwa sababu tu kumbukumbu za mwaka uliotangulia hazikutunzwa.

Baada ya daftari ni altrasaundi kwa kundi zima. Hiyo itakutengea madume, majike wachanga na majike wanaoelekea kukomaa. Wale wachache wa kundi la mwisho ndio watakaohitaji kuchunguzwa zaidi, iwe kwa damu au kwa kuchukuliwa mayai machache. Katika kundi la samaki 100, pengine ni 10 tu watakaoguswa na chombo chenye ncha, na hao 10 wataguswa mara moja.

Nimesikia tundu la uzazi la jike lina umbo tofauti. Je, linatosha?

Katika baadhi ya aina tofauti ipo, na wenye uzoefu huitumia kama dokezo. Lakini inabadilika kwa umri, kwa msimu na kwa aina, na hata ikikupa jinsia sahihi haikuambii chochote kuhusu hatua ya mayai. Usiitegemee kuamua sindano ya homoni.

Altrasaundi inafanyaje kazi kwa stajoni?

Ni ileile inayotumika kwa mama mjamzito, na mashine za kubebeka zinazotumiwa na madaktari wa mifugo kupima mimba za ng'ombe na kondoo zinafaa. Kinachohitajika ni kichwa cha mashine cha mstari mnyoofu, chenye masafa ya takriban megahezi 5 hadi 10. Samaki mkubwa mwenye tumbo nene huhitaji masafa ya chini ili mawimbi yafike ndani. Mdogo huhitaji ya juu ili picha iwe kali.

Kichwa cha mashine huwekwa ubavuni, chini, katika nafasi iliyo kati ya mstari wa ngao za pembeni na ule wa ngao za tumboni, mbele kidogo ya mapezi ya nyonga. Usikiweke juu ya ngao yenyewe: mfupa huzuia mawimbi na utaona kivuli cheusi tu. Uzuri wa stajoni ni kwamba anaweza kupimwa akiwa ndani ya maji. Maji yenyewe hupitisha mawimbi, kwa hiyo hata jeli haihitajiki, na mkono uliozoea humaliza samaki mmoja kwa chini ya dakika moja. Hatolewi majini, halazwi nusukaputi, hatoki damu. Sijui kipimo kingine kinachotoa taarifa nyingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo kwa samaki.

Sasa, unaona nini? Korodani ya dume huonekana laini, yenye rangi moja, na mpaka wake ni mstari mweupe ulio wazi. Ovari changa haina mpaka safi. Kingo zake ni za mikunjo mikunjo, kama wingu, na mafuta yanayoizunguka hung'aa. Mayai yanapoanza kujaa kiini cha njano, punje hutokea kwenye picha, kwanza ndogo na za kutawanyika, kisha mafuta yanapungua na punje zinashika nafasi. Jike aliyefika hatua ya IV, yaani mayai yamekamilisha ukubwa wake, huonyesha ovari iliyojaza tumbo na punje moja moja zinazoweza kuhesabika.

Kosa la wanaoanza ni moja, na karibu kila mtu hulifanya: kuyachukulia mafuta kuwa ovari. Dawa yake ni kupima pande zote mbili na kusogeza kichwa cha mashine polepole kwenda mbele na nyuma badala ya kuganda mahali pamoja. Kosa la pili ni kupima samaki aliyeshiba. Utumbo uliojaa huharibu picha, kwa hiyo asilishwe kwa siku moja au mbili kabla.

Altrasaundi ikionyesha hatua ya IV, naweza kuchoma homoni?

Hapana, na hapa ndipo mipaka ya mashine ilipo. Yai la hatua ya IV linaweza kukaa miezi kadhaa likiwa na ukubwa uleule huku mabadiliko ya mwisho yakiendelea ndani yake, na mabadiliko hayo hayaonekani kwenye skrini. Altrasaundi inakuambia nani wa kumchunguza zaidi. Siku ya sindano huamuliwa na yai lenyewe.

Lazima alazwe nusukaputi?

Kwa altrasaundi ya majini, hapana. Kwa kuchukua damu, mara nyingi hapana. Kwa biopsi inategemea ukubwa wa samaki na sheria za mahali ulipo.

Stajoni ana tabia moja inayosaidia sana: akigeuzwa chali taratibu, tumbo juu, aina nyingi hutulia kwa muda kana kwamba zimeduwaa. Mweke kwenye machela ya kitambaa laini kilicholowa, kichwa kikiwa ndani ya maji au mrija wa maji safi ukipitisha maji mdomoni hadi kwenye matamvua, funika macho yake, na fanya kazi haraka. Watu wawili waliozoeana hufanya hivi bila purukushani. Watu watano wanaopigiana kelele hawawezi.

Dawa zikihitajika, inayotumika sana ni trikaini, ijulikanayo kama MS-222. Huyafanya maji kuwa na tindikali, kwa hiyo hutiwa magadi ya kuokea kusawazisha, jambo linalosahaulika mara nyingi na kumuunguza samaki. Ikiwa samaki ataliwa, kuna muda wa kusubiri. Nchini Marekani ni siku 21. Mafuta ya karafuu nayo hulaza vizuri, lakini si kila nchi inayoyaruhusu kwa samaki wa chakula, na kuzinduka kwake huchukua muda mrefu zaidi. Ipo pia njia ya umeme wa moja kwa moja wenye nguvu ndogo: samaki hutulia umeme ukiwa umewashwa, huamka ukizimwa, na hakuna dawa inayobaki mwilini. Ni njia nzuri mikononi mwa aliyefundishwa. Asiyefundishwa asiiguse.

Damu inaniambia nini?

Inaeleza mengi kuliko wengi wanavyodhani. Ovari inapojaza mayai, ini hutengeneza protini iitwayo vitelojenini na kuimwaga kwenye damu. Protini hiyo hubeba kalsiamu, kwa hiyo kalsiamu ya damu ya jike anayejaza mayai hupanda wazi juu ya ile ya dume au jike mchanga. Kupima kalsiamu ni rahisi kuliko kupima vitelojenini yenyewe, na kwa kituo kisicho na maabara kubwa ni njia ya mkato yenye msingi.

Homoni hueleza zaidi. Estradioli huwa juu wakati mayai yanajazwa, kisha hushuka yanapokaribia kupevuka, huku testosteroni ikibaki juu. Ukiona testosteroni iko juu na estradioli imeporomoka, jike huyo yuko ukingoni: aidha anakamilika, aidha ameshaanza kuyapoteza mayai. Damu peke yake haitakutenganishia hali hizo mbili. Lazima utazame yai.

Mililita chache zinatosha, zikichukuliwa kwenye mshipa wa mkiani, nyuma ya pezi la mkunduni. Bonyeza tundu kwa sekunde kadhaa baada ya kutoa sindano, kisha mrudishe.

Na ile kamera ndogo?

Endoskopu nyembamba, ya milimita chache, huingizwa kupitia tundu la uzazi hadi kwenye mrija wa mayai. Ukuta wa mrija ni mwembamba kiasi kwamba mayai meusi yaliyo upande wa pili huonekana. Haipasui ngozi na hakuna cha kushona. Inafaa hasa kwa samaki wa porini waliokamatwa mtoni, ambako unataka jibu la ndiyo au hapana na kumwachia. Kwa jike mwenye mayai machanga, meupe na madogo, kamera hukosa mara nyingi zaidi.

Biopsi isipoepukika, ifanyweje kwa upole?

Njia mbili hutumika. Ya kwanza ni mpasuko mdogo tumboni, ambamo mayai huchukuliwa kwa koleo au mrija, kisha hushonwa. Ya pili ni chombo cha chuma chenye mfereji ubavuni na ncha kali, kilichozoeleka katika vituo vya stajoni tangu enzi za Urusi ya Kisovieti. Huingizwa kwa mshazari wa takriban nyuzi 30, kikizungushwa, na kutolewa na mayai kwenye mfereji wake. Kwa samaki mkubwa aliye hatua ya IV napendelea hiki cha pili: tundu ni dogo, hakuna uzi, na kazi huisha ndani ya sekunde. Lakini kiingizwe kwa mshazari, si wima, na si kwa kina zaidi ya unachohitaji, maana ini na utumbo viko karibu.

Altrasaundi ikitangulia, utajua ovari iko unene gani na uingie wapi. Kutoboa kwa kubahatisha wakati mashine iko mezani ni uzembe.

Chombo kisafishwe kwa dawa kati ya samaki na samaki. Mahali pa kutoboa pakaushwe na kupakwa dawa ya kuua vijidudu. Mayai 15 hivi yanatosha. Usichukue kiganja kizima. Maji yawe baridi, kwa sababu kidonda katika maji ya joto huvuta ukungu upesi.

Nikishapata mayai, nayasoma vipi?

Tazama kwanza kwa macho. Yai lililokamilika ni la mviringo, gumu kidogo, lenye rangi ya kijivu hadi nyeusi kutegemea aina, na upande mmoja lina doa jeupe lililozungukwa na duara. Upande huo ndio ncha ya uhai, mahali ambapo nyukliasi ya yai inaelekea.

Kisha chemsha baadhi yake dakika chache hadi yashike, yapoze, na uyakate kwa wembe kwa urefu, kutoka ncha ya uhai hadi upande wa pili. Chini ya hadubini utaona nyukliasi kama duara lenye rangi tofauti. Pima umbali kutoka nyukliasi hadi ukingo wa ncha ya uhai, gawanya kwa kipenyo cha yai kwa mhimili huohuo. Jibu linaitwa fahirisi ya upolarishaji.

Mfano: yai lina milimita 3.5, na nyukliasi iko milimita 0.28 kutoka ukingoni. Fahirisi ni 0.08. Kwa kawaida, chini ya 0.1 kunamaanisha nyukliasi imeshafika karibu na ukingo na jike yuko tayari au karibu sana. Ikiwa ni 0.2, mrudishe kwenye maji baridi usubiri. Pima mayai yote uliyochemsha na utumie wastani. Yai moja lililokatwa vibaya linaweza kukudanganya.

Fahirisi iko mpakani. Nifanyeje bila kumtoboa tena?

Ndiyo maana sikuchemsha yote. Mayai yaliyobaki huwekwa kwenye maji ya chumvi ya Ringer (yanayofanana na umajimaji wa mwili) yaliyotiwa homoni ya projesteroni, kwa joto la nyuzi 16 hivi, kwa takriban saa 16 hadi 24, kisha huchemshwa na kukatwa. Ikiwa nyukliasi imeyeyuka katika karibu yote, ovari ina uwezo wa kuitikia homoni. Ikiwa imebaki nzima katika mengi, bado. Jaribio hili humuuliza yai badala ya kumuuliza samaki, na kwa mtazamo wangu ndilo linalookoa majike wengi kuliko kifaa chochote kipya.

Kipimo cha DNA je?

Kipo, na ni cha thamani, ila kinajibu swali jingine. Mwaka 2021 watafiti walieleza sehemu ya jenomu inayopatikana kwa majike tu, iliyodumu kwa takriban miaka milioni 180 katika ukoo wa stajoni. Kipande kidogo cha pezi kinatosha kumtambua jike akiwa bado kifaranga, hivyo huhitaji kumpima kwa miaka mingi kutafuta jinsia. Hakikuambii amepevuka lini.

Wakati gani wa mwaka unafaa, na mara ngapi?

Maji yakiwa baridi. Katika nchi za kaskazini zenye majira ya baridi, wengi hupitisha altrasaundi vuli ili kuchagua majike watakaopitishwa kwenye maji ya baridi ya miezi ya kipupwe, kisha huchukua mayai mwanzoni mwa masika kwa wale waliochaguliwa tu. Jike aliyekaribia asihamishiwe maji ya joto kabla hujawa tayari kumtotolesha. Joto la mapema ni miongoni mwa sababu za wazi za mayai kunyonywa.

Nitajuaje mayai yameanza kunyonywa?

Yanapoteza umbo la mviringo, yanalegea, rangi inakuwa na madoa kama marumaru, na yakikatwa nyukliasi haina mpaka unaoeleweka. Ukiona hivyo katika mayai mengi, usichome homoni. Mpe chakula kizuri na maji tulivu, uandike kwenye daftari, umsubiri mzunguko ujao. Jike huyo hajaharibika.

Mkono wangu bado haujazoea. Nijifunzie wapi?

Kwa samaki ambao tayari wamepangwa kuvunwa. Wapime kwa altrasaundi wakiwa hai, andika ulichodhani, kisha tazama ndani baada ya kuvunwa na ulinganishe. Baada ya samaki 30 au 40 utaanza kutofautisha mafuta na ovari bila kusita. Kushika chombo cha biopsi jifunze kwa mizoga yao hiyohiyo, hadi ujue ukuta wa tumbo unahisije unapopenya na unapoacha. Jike wa kwanza aliye hai utakayemtoboa asiwe ndiye unayejifunzia.